Siku Shangazi Alipotuma Watu Wanitafute

Wana wa shangazi hawakutaka tusafiri. Mkubwa wao, anayeishi Nairobi, alinipigia simu mara tatu katika wiki moja kuniambia kuwa mama yao hafai tena kutoka nje ya Mombasa, seuze kuvuka mpaka na kwenda kupanda milima katika nchi ya watu. Alikuwa na sababu zake. Ramadhani iliyotangulia shangazi aliinjika uji, akaenda kujinyoosha kidogo, akasahau. Nusura jiko zima lishike moto. Baada ya Idi alishuka kwenye kituo kisicho chake, akazunguka mitaa asiyoijua mpaka muuza mikate mmoja akamtambua na kumrudisha nyumbani. Wanawe wakakaa kikao, wakakata shauri: kabla ya mwaka kwisha mama atahamia Nairobi, kwenye nyumba ya ghorofa ya nne, na ile nyumba yake ya Kisauni itafungwa.

Shangazi hakubishana nao. Alinijia mimi. Ni dada wa marehemu baba yangu na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, kwa hiyo akiniomba kitu sina njia ya kukataa.

"Kabla hawajanipandisha huko juu nikakae kama njiwa," aliniambia, "nipeleke Lushoto nikayaone yale maji."

Maji yenyewe nilikuwa nikiyasikia tangu utoto. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, na miaka hiyo alikuwa akileta kabichi na viazi Mombasa kutoka Lushoto. Kila akirudi alisimulia habari za baridi ya huko, na za maji yanayoporomoka kutoka kwenye jabali ndani ya msitu. Alimuahidi mkewe kumpeleka siku moja. Hakuwahi.

Basi likizo ya Agosti tulipofunga shule tukavuka mpaka wa Horohoro, tukalala Tanga, na kesho yake tukapanda basi la kwenda milimani. Kutoka Mombo barabara inajipinda, inapanda, inajipinda tena, na kila kona masikio yangu yalikuwa yakiziba. Shangazi alikaa dirishani bila kusema mengi. Mimi nilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nikimchunguza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nadhani mazoea ya kazi hayamwachi mtu hata akiwa safarini. "Shangazi, jana tulikula nini pale Tanga?" Samaki wa kupaka. "Na yule afisa wa mpakani alikuuliza nini?" Kama nina jamaa Tanzania. "Na ile nyumba tuliyolala inaitwaje?" Hapo akatazama nje, akasema hakumbuki. Jibu hilo moja lilinikaa kifuani mpaka tukafika.

Lushoto tuliikuta na baridi ambayo mtu wa pwani haamini mpaka imguse. Shangazi alivaa sweta mbili, akafunga leso kiunoni na nyingine kichwani. Kwenye mkahawa nilimwambia dada aliyetuhudumia, "Nipe chai," na dada yule akanitazama kidogo kabla ya kwenda. Shangazi akanivuta mkono. "Sema naomba. Hapa si kwetu."

Kesho yake saa mbili asubuhi mwongozaji wetu alikuja kutuchukua kwenye nyumba ya wageni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyefanya kazi ya kupanda miche huko Shume kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuongoza wageni msituni. Alimwamkia shangazi shikamoo huku ameinama, kisha akavitazama viatu vyake vya raba.

"Mama ataweza? Kuna mahali panateleza."

"Muulize huyu," shangazi akajibu akinielekeza kidole. "Mwenye pumu ni yeye." Halafu akanigeukia. "Dawa yako ya kuvuta umeichukua?"

Nilijipapasa. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeiacha chini ya mto. Alirudi chumbani mwenyewe, akaileta, na badala ya kunipa akaitia kwenye kikapu chake. "Itakaa kwangu," alisema. "Wewe unasahau."

Tuliingia msituni upande wa Magamba. Njia ilikuwa nyembamba, udongo mwekundu uliolowa, na mizizi iliyojitokeza kama mishipa ya mkono wa mzee. Miti ilikuwa mikubwa mno, imevaa kuvumwani laini ya kijani mpaka matawini. Mahali fulani juu yetu mbega waliruka kutoka mti hadi mti, na matone ya maji yakatunyeshea ingawa hapakuwa na mvua. Shangazi alikuwa na fimbo aliyochongewa na mwongozaji. Alipanda taratibu lakini bila kusimama, na kila nilipokuwa nikihema alikuwa mbele yangu hatua nne au tano.

Baada ya saa moja na nusu tulipumzika. Shangazi aliketi kwenye gogo kando ya njia. Mwongozaji alisogea mbele kidogo, akaniita kwa sauti ya chini: "Mwalimu, njoo uone." Kwenye tawi palikuwa na kinyonga mwenye pembe tatu, kijani kibichi, anatembea kama mtu anayepima kila hatua kwanza. Nikatoa simu nipige picha za kuwaonyesha wanafunzi wangu. Nilipiga moja, ya pili ikatoka na ukungu, ya tatu kinyonga amegeuka. Labda dakika tano, labda saba. Nilipotazama nyuma, gogo lilikuwa tupu.

"Atakuwa ametangulia," mwongozaji alisema.

Tulikwenda mbele kona mbili. Hakuwepo. Tukarudi nyuma mpaka mahali tulipovuka kijito, hakuwepo. Kikapu hakikuwepo, fimbo haikuwepo. Nikaanza kuita. "Shangazi! Shangazi!" Niliita bila kupumzika, mpaka mwongozaji akanishika bega.

"Usiite mfululizo, mwalimu. Ita mara moja, halafu nyamaza usikilize."

Nikaita, nikanyamaza. Niliwasikia ndege na matone tu. Wakati huo ukungu ulikuwa umeanza kushuka kati ya miti, na miti iliyokuwa hatua ishirini mbele yetu ikatoweka. Nikamwambia tugawane, yeye ashike njia ya bondeni na mimi ya juu. Akakataa katakata.

"Tukiachana hapa, watu wa kutafutwa watakuwa watatu."

Niliyoyawaza katika muda ule siyapendi hata leo. Nilimwona ameanguka korongoni. Baya zaidi, nilimwona amesimama chini ya mti, mzima kabisa, lakini hajui yuko wapi wala alikuja na nani. Niliwaza kwamba wanawe walikuwa na haki, kwamba mimi nilijifanya namjua kuliko waliotoka tumboni mwake, na sasa nimempoteza katika msitu wa nchi ya ugenini kwa sababu ya picha ya kinyonga.

Mwongozaji alisema kuna mahali juu kwenye mgongo wa mlima ambapo mtandao wa simu hupatikana. Akitoka pale ataweza kuwaita wenzake waje kusaidia. Tulipanda moja kwa moja, bila njia, tukishika mizizi. Tulipofika tu simu yangu ikalia. Alikuwa binamu yangu wa Nairobi.

"Nipe mama nimsalimie."

"Hayupo hapa karibu."

"Yuko wapi?"

Sikuwa nimejiandaa. "Amekwenda haja," nikasema.

"Porini?"

"Sasa msituni choo kitatoka wapi?"

Akacheka. "Haya, mwambie anipigie."

Nikakata simu. Hapo ndipo kifua kilipoanza. Wenye pumu wanajua: kwanza kama mtu anafunga kamba, kisha kama anaikaza. Nikafungua mkoba wangu na kuuchakura wote kabla sijakumbuka kuwa dawa imo kwenye kikapu cha shangazi. Mwongozaji alivua koti lake akanifunika, akanikalisha nikiwa nimeinama mbele kidogo, akaniambia nipumue taratibu kama napoza chai. Huku mkono mmoja umeshika mgongo wangu, kwa mkono mwingine aliwapigia wenzake. Wawili walikuwa karibu na Magamba, wakasema wanakuja.

Ndipo tukasikia sauti kutoka chini. Ilikuwa mbali, sauti ya mwanamume, inavutwa kwa urefu.

"Mwalimuuu! Mwalimu wa Mombasaaa!"

Mwongozaji akaitikia. Sauti ikajibu karibu zaidi. Baada ya dakika kama kumi wanaume wawili wakatokea katika ukungu, mmoja mzee kidogo aliyevaa buti za mvua, mwingine na jembe bado begani. Walisalimiana na mwongozaji kwa Kishambaa kwa kirefu, maana walikuwa wakifahamiana. Kisha yule wa buti akanigeukia.

"Ndiye wewe mwalimu uliyepotea?"

"Mimi sikupotea," nilijibu kwa shida. "Namtafuta shangazi yangu. Mama mtu mzima, amevaa..."

"Sweta ya bluu, na leso kiunoni. Yuko nyumbani kwangu, anapukuchua maharage na mke wangu. Ndiye aliyetutuma." Akanitazama kuanzia chini kwenda juu, kama anayehakiki mzigo. "Alisema mwanawe amepotelea msituni. Viatu vya kijani, mkoba wa rangi ya machungwa, miaka arobaini na minne, ana pumu. Na akatupa hii."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake ilikuwemo dawa yangu.

"Alituambia tukikukuta tusikuulize maswali kwanza. Tukupe uvute mara mbili, ukae, ndipo tuzungumze na wewe. Sasa sisi tumekosea, tumeanza kuuliza. Haya, vuta."

Nilivuta mara mbili. Kamba ya kifuani ikalegea polepole, na machozi yakanitoka bila kupangwa. Wale wanaume walidhani ni pumu. "Iache dawa ifanye kazi yake, mama," yule mwenye jembe alisema kwa huruma. Sikuweza kuwaeleza. Nilikuwa nimeishika ile chupa ndogo na kuwaza tu kwamba mtu ambaye akili yake imemtoka hawezi kukumbuka viatu vya kijani. Hawezi kukumbuka mara mbili, ukae, ndipo.

Mwongozaji akawapigia wenzake tena kuwaambia wasije. Tukateremka. Msitu uliisha ghafla, kama uliokatwa kwa kisu, na chini yake yakaanza mashamba: matuta ya kabichi na karoti yaliyoshuka mteremko ngazi kwa ngazi, nyumba ya matofali, zizi dogo la ng'ombe wa maziwa. Uani shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anapukuchua maharage. Pembeni yake palikuwa na mama wa umri wake, mke wa yule wa buti na mwenye nyumba.

Shangazi aliinua macho.

"Ulikuwa wapi weye?"

Alisema kwa ukali uleule wa zamani, nilipochelewa kutoka madrasa. Na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na minne, nikasimama mbele yake na tope mpaka magotini, nikasema, "Samahani, shangazi."

Mwongozaji akavua kofia. "Mama, leo ulitaka kunimaliza."

"Nisamehe, baba," shangazi akamwambia. "Kosa langu ni moja. Mengine ni yenu."

Kosa lake alinieleza baadaye, kwa kunong'ona, wanaume walipokwenda kunawa. Pale gogoni alishikwa na haja. Akashuka mbali kidogo asionekane, kisha akaona bado panaonekana, akashuka tena. Alipomaliza akasikia sauti za watu, akadhani ni sisi, akazifuata. Kumbe ni wanawake waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe. Akaona asipande peke yake kutafuta njia katika ukungu. Akawaeleza shida yake, wakamleta hapa wakiwa na mizigo yao kichwani.

"Ungeniambia tu," nilisema.

"Nikuambie mbele ya mwanamume? Na wewe mwenyewe ulikuwa ukipiga picha mjusi."

"Kinyonga."

"Ndiyo huyo huyo."

Nikakumbuka nilichomwambia binamu yangu kule juu, nikacheka mpaka nikakohoa. Kumbe sikuwa nimemdanganya.

Mwenye nyumba hakutuacha tuondoke. Familia yao ni Walutheri, na alipomwona shangazi akiangalia jua alitambua kuwa anangoja saa ya kusali. Akatandika gunia safi na kanga juu yake, akamwonyesha upande. "Jirani yangu wa kule chini ni Mwislamu. Huelekea pale kwenye mti wa mpeasi." Shangazi akasali adhuhuri akiuelekea ule mpeasi. Chakula kilipoletwa, ugali na maharage na mboga ya majani, mama yule akasema kabla hatujauliza, "Nyama hatukupika leo. Kuleni bila wasiwasi." Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Shangazi alikuwa amekwisha kufundishwa maneno mawili matatu ya Kishambaa na alikuwa akiyatumia kila alipopata nafasi. "Hongea," asante ya kwao, alisema alipopewa maji. "Hongea," alisema alipopewa chumvi. Wenyeji wakacheka, wakamjibu.

Mimi nilidhani tutarudi mjini. Shangazi akauliza maji yako umbali gani. Mwenye nyumba akasema kutoka pale shambani ni karibu, si hata nusu saa, na kwamba atatusindikiza mwenyewe kwa sababu njia yake haina makorongo. Hivyo tukaenda, yeye na mwongozaji mbele, mimi na shangazi nyuma, mkono wangu umeshika leso yake. Hakuutoa.

"Nimepasi?" akaniuliza njiani.

"Umepasi nini?"

"Huo mtihani. Unanitahini tangu Tanga. Samaki gani, afisa gani, nyumba gani."

Nikaona haya. Hakuwa amekasirika. Alitembea kidogo, akaendelea.

"Kusahau nasahau, sikatai. Mtu mzima husahau. Lakini ule uji na kile kituo vilikuwa vitu vingine. Tangu alipofariki mzee sipati usingizi. Nikawa nanunua tembe za kulalia pale kwenye duka la dawa. Mbili kila siku. Asubuhi kichwa kinakuwa kama pamba iliyorowa. Hizo tembe sikuja nazo, niliogopa watanihoji mpakani. Usiku wa leo utakuwa wa tatu bila kuzimeza. Silali vizuri, lakini nakuona unavyonitazama."

"Mbona hukutuambia?"

"Mngeniuliza?"

Ni kweli, tulimwambia mengi mwaka ule. Hatukumuuliza hata moja.

Maji tuliyasikia kabla ya kuyaona. Kisha njia ikapinda na yakawa mbele yetu, yanateremka kwenye jabali jeusi kwa vipande viwili, yanavunjika katikati, yanaingia kwenye kidimbwi chenye mapovu. Hewa ilikuwa imejaa manyunyu. Shangazi akaenda mpaka kwenye jiwe la mwisho, mwongozaji amemshika kiwiko, akasimama akiyatazama kwa muda mrefu. Leso yake ililowa yote. Nikasogea nikidhani analia.

"Ni madogo kuliko alivyosema," alisema. Akatikisa kichwa. "Yule mzee alikuwa mwongo sana." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajipangusa macho, na mimi nikacheka naye, na mwenye nyumba, ambaye hakujua tunamsema nani, akacheka pia.

Jioni, tuliporudi mjini, nilimpigia binamu yangu mwenyewe na kumweleza yote, pamoja na muda ule ambao sikujua mama yake yuko wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza tembe zinaitwaje. Kabla ya mwaka kwisha alikuja Mombasa na tukampeleka shangazi hospitali pamoja. Daktari alimpunguzia dawa moja ya presha, akampiga marufuku zile tembe, akasema kusahau kwingine ni kwa umri na watakuwa wakimfuatilia. Nyumba ya Kisauni haikufungwa. Hakumbuki kila kitu. Wiki iliyopita aliniuliza jambo lilelile mara mbili. Lakini yuko kwake, na anapika.

Siku ile Lushoto, baada ya kukata simu, nilikaa kitandani ili nivue viatu, nikalala papo hapo kabla sijafungua hata kamba moja. Jua lilikuwa halijazama vizuri. Katikati ya usingizi nilisikia mtu anaivuta miguu yangu, anafungua kamba zilizokauka kwa tope, na sauti ya shangazi inanung'unika kuhusu mashuka ya watu. Nilitaka kumwambia aache, nitavua mwenyewe. Sikumwambia. Nilimwachia mguu mmoja, kisha wa pili.